Mbwa Ameibwa Tanga: Mwongozo Kamili wa Kumtafuta, Kumtambua na Kumrudisha Nyumbani

Kipande cha kamba ya katani kilichobaki kwenye mwembe kilikuwa na urefu wa kiganja tu. Nilikishika alfajiri ile, nyumbani Sahare, nikakimulika kwa tochi ya simu. Nyuzi zake zote ziliishia sawasawa, kama fagio lililopunguzwa kwa panga. Mbwa akitafuna kamba huacha nyuzi ndefu kwa fupi, zimelowa mate na kushika udongo. Hapo nikajua mbwa wangu Jasiri hakutoroka. Amechukuliwa.

Alirudi baada ya siku tisa. Katika siku hizo nilikosea mengi, na tangu wakati huo nimeshirikiana na majirani kutafuta mbwa wao, wengine tukawapata, wengine hatukuwapata. Naandika kwa ajili ya mtu aliyeamka leo akakuta banda tupu, kwa hiyo naanza na la haraka. Mambo ya kujikinga nimeyaweka chini. Kama mbwa wako bado yupo nyumbani, anzia huko.

Kwanza: ameibwa au ametoroka?

Usikimbilie barabarani kabla hujaangalia uwanja wako. Dakika kumi zinatosha. Tazama kamba au mnyororo, tazama komeo la geti, tazama ukuta upande wa nje kama kuna alama za matope ya viatu. Dume likinusa jike lililo kwenye joto laweza kuruka ukuta lenyewe na kuzurura siku mbili tatu. Radi za masika nazo huwakimbiza mbwa hata waliotulia. Mbwa wa namna hiyo mara nyingi hayuko mbali, na kumtafuta kwake ni kuzunguka mtaa usiku ukimwita, si kwenda polisi.

Ukikuta kipande cha nyama, samaki au andazi ambalo hukulitupa wewe, usilishike kwa mkono mtupu. Wezi huweka dawa kwenye chakula ili mbwa alegee, na wengine huweka sumu kabisa. Lichote kwa kijiti na karatasi, lifunge, liweke mbali na watoto, paka na kuku. Kisha piga picha kila kitu kabla hujafagia. Nilimkuta jirani mmoja ameshafagia uwanja wote kwa uchungu, na nyayo zote zikaenda na takataka.

Pili: saa za mwanzo ni za miguu, si za mtandao

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukaa na simu. Niliweka picha Facebook na kwenye makundi matatu ya WhatsApp, nikasubiri. Waliojibu walikuwa watu wa Dar es Salaam na Arusha wakinipa pole. Kumbe walioona pikipiki ikitoka mtaani na mbwa amefungwa kwenye kiroba walikuwa mita mia mbili kutoka kwangu, na hawakuwa kwenye kundi lolote.

Mji wetu huamka mapema. Kuna mama wa vitumbua anayewasha moto saa kumi na moja, kuna walinzi wa nyumba za jirani wanaobadilishana zamu, wavuvi wanaoshuka pwani, waliotoka swala ya alfajiri, na vijana wa kijiwe cha bodaboda waliolala juu ya pikipiki zao. Hawa ndio mashahidi wako, na kumbukumbu yao ni mbichi kwa siku moja tu. Waulize swali lenye saa na mahali: "Usiku wa kuamkia leo, kati ya saa nane na saa kumi na moja, uliona chombo gani kimepita hapa kimebeba mzigo unaotikisika?" Swali la "hujamwona mbwa wangu?" huleta jibu la "hapana" na mazungumzo yanaishia hapo.

Hapa nataka kusema jambo la adabu. Nyumba nyingi za Tanga hazigusi mbwa kwa sababu ya dini, na mwenye mbwa huwa na hofu kwamba jirani wa namna hiyo hatamsaidia. Si kweli hata kidogo. Mzee wa barazani kwetu, ambaye mbwa akimgusa kanzu anakwenda kuibadilisha, ndiye aliyeniambia pikipiki ilielekea njia ya barabara kuu na haikuwa na taa ya nyuma. Ila usimwombe mtu amshike mbwa, amfunge, au amhifadhi uani kwake. Mwombe macho na simu. Mwambie, "Shikamoo mzee, mimi naomba ukimwona tu unipigie, nitakuja mwenyewe." Mtu ataona umemheshimu na atakuangalizia.

Wakati unazunguka, nyumbani abaki mtu, geti liachwe wazi kidogo, na pawekwe bakuli lake pamoja na kitambaa au fulana yenye harufu yako. Mbwa wengine hukata kamba kwa mwizi na kurudi wenyewe. Wahenga wa pwani walisema mbwa hafi maji akiona ufuko, na mimi nimeona jike mmoja wa Mikanjuni akirudi usiku wa tatu na kipande cha kamba ngeni shingoni.

Tatu: mwenyekiti wa mtaa, kisha polisi

Nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa siku hiyo hiyo. Anawajua wageni waliohamia, anawajua vijana wenye historia, na barua yake itakufungulia milango ukifika mtaa wa watu wengine. Ukimaliza hapo nenda kituo cha polisi ufungue taarifa na upewe namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Kufungua taarifa ni bure.

Ukifika kaunta, chagua neno. Ukisema "mbwa wangu amepotea", unaweza kuambiwa ukamtafute. Sema "nimekuja kuripoti wizi". Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria zetu, inamhesabu mnyama wa kufugwa aliye mali ya mtu kuwa kitu kinachoweza kuibwa kama redio au baiskeli, na anayepokea mali huku akijua ni ya wizi naye ana kosa lake. Kwa hiyo zungumza lugha ya mali. Peleka picha, kadi ya chanjo, na hesabu ya thamani: ulimnunua kiasi gani, umetumia kiasi gani kwa chanjo na matibabu. Najua inauma kumtaja mbwa wako kama godoro. Uingereza kelele za wenye mbwa juu ya jambo hilihili zilizaa sheria mahususi mwaka 2024, ambapo kumwiba mbwa au paka katika England na Ireland ya Kaskazini kunaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 5, kwa sababu watu walisema mnyama wa nyumbani si kitu tu. Kwetu, ukiwa mbele ya kaunta, thamani kwa shilingi ndiyo inayoandikika.

Kuna siku utakutana na askari atakayecheka. Usigombane naye. Tulia, rudia neno wizi, omba namba. Bila RB, siku utakapomwona mbwa wako uani kwa mtu utakuwa na maneno matupu.

Nne: tangazo, na wapi pa kulipeleka

Tangazo liwe fupi, lenye picha moja ya ubavu iliyo wazi. Langu lilikuwa hivi:

"MBWA AMEIBWA. Dume, mchanganyiko wa German Shepherd, kahawia, mgongo mweusi, umri miaka 3. Ameibwa Sahare usiku wa kuamkia Jumapili. Taarifa ipo polisi na kwa mwenyekiti wa mtaa. Ukimwona usimshike, piga simu tu. Zawadi ipo."

Mwisho weka namba ya simu. Angalia nilichoacha: sikuandika jina lake, wala kovu lake, wala ukucha wake. Alama mbili tatu zibaki moyoni mwako na kwenye taarifa ya polisi. Hizo ndizo zitakazomtofautisha aliyemwona kweli na tapeli, na ndizo zitakazokusaidia kuthibitisha umiliki. Kiasi cha zawadi nacho usikitaje. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo zawadi itolewe kweli, lakini ukiandika laki tatu hadharani unampangia mwizi bei.

Sasa wapi? Makundi ya WhatsApp ya mtaa na ya wafugaji, sawa, yatumie. Lakini fikiri mbwa anapita njia gani. Mbwa wa wizi hawezi kukaa bila kula, na mwenye mbwa mpya mkubwa ataonekana sehemu chache zinazojulikana. Bucha, kuomba mifupa na masalia. Wauza vichwa na miguu ya kuku. Wauza dagaa wa mafungu sokoni Mgandini au Makorora. Na zaidi ya wote, duka la dawa za mifugo, kwa sababu mtu akinunua mbwa wa kisasa mtaani, kitu cha kwanza anachoambiwa ni "mpe dawa ya minyoo". Peleka karatasi yenye picha kila duka la dawa za mifugo mjini, kisha Pongwe, Muheza, na kama unaweza hadi Korogwe. Mpe nakala afisa mifugo wa kata na kila daktari wa mifugo unayemfahamu.

Halafu njia za kutokea. Stendi ya Kange, zungumza na wapakia mizigo, maana wao ndio wanaojua buti gani limelia usiku. Barabara ya Pangani hadi kwenye kivuko. Na Horohoro, kwa sababu mbwa wa kuvuka kihalali kwenda Kenya hutakiwa kuwa na cheti cha chanjo ya kichaa na kibali cha mifugo. Ukiwapa maofisa wa mpakani picha mapema, asiye na karatasi hizo atatazamwa mara mbili.

Jasiri alipatikana kwa dada wa duka la dawa za mifugo. Siku ya nane alinipigia akasema kuna mtu amekuja kununua dawa ya minyoo ya mbwa mkubwa. Alipomuuliza mbwa ana kilo ngapi, hajui. Ana umri gani, hajui. Ana chanjo, hajui. Akafungua droo, akatazama karatasi yangu.

Tano: simu zikianza kuingia

Zitakuja, na nyingi za uongo. Atapiga mtu sauti ya upole, aseme mbwa yuko naye Mombo, kamkuta barabarani, anaomba nauli tu amlete. Nilituma shilingi elfu ishirini siku ya pili, kisha nikasimama Kange kuanzia mchana hadi basi la mwisho, namba ikiwa imezimwa. Siku ile nzima ningeweza kuwa nimefika Muheza na karatasi zangu.

Kanuni ni moja: hakuna hela inayotangulia mbwa. Muulize mpigaji moja ya alama ulizozificha. Akisita, mwombe video fupi ya wakati huo huo, mbwa akiwa pembeni ya kitu utakachokitaja wewe, tuseme ndoo nyekundu au kandambili mbili zilizopishanishwa. Picha tupu haitoshi, kwa kuwa anaweza kuwa ameichukua kwenye tangazo lako. Namba za matapeli zihifadhi uzipeleke polisi pamoja na muamala.

Na akipiga anayemshikilia kweli, akitaka fedha ili amwachie? Usimtukane, usimtishe, mbwa yuko mikononi mwake. Sikiliza, kubali kukutana mahali pa wazi mchana, kisha mjulishe askari aliyepokea taarifa yako. Siwezi kumlaumu aliyelipa ili ampate mwenzake wa miaka kumi. Ninachojua ni kwamba mwizi aliyelipwa mara moja hurudi kwenye mtaa uleule.

Sita: umemwona, sasa fanya taratibu

Hapa ndipo pa hatari kuliko kote, na naomba usome polepole. Usipige kelele ya "mwizi". Katika miji yetu neno hilo likitamkwa barabarani linaua. Watu watakusanyika na mawe na tairi kabla hujamaliza kueleza, na aliyeshika kamba anaweza kuwa mtoto aliyetumwa au mtu aliyenunua bila kujua. Hakuna mbwa, hata yule ninayempenda kama Jasiri, anayelipiwa kwa roho ya mtu. Usivunje uzio, usimnyakue, usiende peke yako usiku.

Piga picha kwa mbali kama unaweza. Kamweleze mwenyekiti wa mtaa ule na polisi kwa namba yako ya RB, kisha nendeni pamoja.

Kule Pongwe, kwa yule mtu wa dawa ya minyoo, nilikwenda na mjumbe wa serikali ya mtaa na mgambo mmoja. Kabla geti halijafunguliwa nilimwambia mjumbe aandike: ndani ya sikio la kushoto kuna kovu la pembe mbili, la msumari wa bati, mguu wa nyuma wa kulia una ukucha mmoja mweupe, mingine yote myeusi. Akaandika nyuma ya bahasha. Geti likafunguliwa. Jasiri alikuwa amefungwa kwenye mpapai, mbavu zinahesabika, na jina lake jipya lilikuwa Simba. Hakunirukia. Alishusha mkia, akanusa mkono wangu, akanusa kandambili zangu moja baada ya nyingine, kisha akageuka na kukaa juu ya mguu wangu wa kushoto, kama alivyokuwa akikaa tangu ana miezi mitatu. Mjumbe alifunua sikio kwa ncha ya kalamu, akatazama bahasha yake, akamwambia mwenye nyumba, "Bwana, huyu ni wake."

Yule bwana alikuwa amemnunua kwa elfu hamsini kwa kijana wa pikipiki. Alikasirika, kisha akaelewa. Mwizi hawezi kukuuzia haki ambayo yeye mwenyewe hana, na hasara hiyo anatakiwa kumdai aliyemuuzia. Mimi sikumlipa bei ya mbwa, ila nilimpa fedha ya chakula cha siku alizomlisha, na yeye akatoa namba ya muuzaji kwa polisi. Nashauri ufanye hivyo. Mnunuzi aliyetendewa utu hufungua mdomo, na kinywani mwake ndimo lilimo jina la mwizi.

Andikianeni karatasi ya makabidhiano: tarehe, alama, majina, saini, na muhuri wa mtaa.

Saba: akifika nyumbani

Mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla hajachangamana na watoto na mbwa wengine. Hujui amelala na nani wala ameng'atwa na nani. Kagua majeraha kwenye shingo, miguu na masikio. Hata kama chanjo yake ya kichaa cha mbwa haijaisha, omba arudishiwe, na umtazame kwa makini wiki kadhaa zinazofuata. Atahitaji dawa ya minyoo na kuogeshwa dawa ya kupe. Chakula mpe kidogo mara nyingi. Mbwa aliyeshinda njaa akijazwa wali mwingi siku ya kwanza atatapika wote. Kama alimng'ata mtu huko alikokuwa, mtu huyo aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Hilo lisisubiri hata kama jeraha ni mkwaruzo.

Jasiri alikojoa hovyo na kushtuka akisikia pikipiki kwa karibu miezi miwili. Usimpigie kelele. Mrudishie ratiba yake ya zamani, saa zilezile, bakuli lilelile. Na usisahau kurudi polisi kuwaeleza kwamba amepatikana, na kufuta matangazo, ili wanaotafuta mbwa wao wasichanganywe.

Kama mbwa wako bado yupo

Mali bila daftari hupotea bila habari. Leo hii mpige picha nne: kila ubavu, uso kwa karibu, na moja mkiwa pamoja. Piga na alama za siri: makovu, kucha, madoa ya tumboni, meno. Zitume kwenye barua pepe yako mwenyewe, maana simu nayo huibwa. Kadi ya chanjo iwe na maelezo ya rangi na alama, si neno "mbwa" tu. Mwombe daktari ayaandike. Chanjo ya kichaa huanza akiwa na miezi 3 na hurudiwa kila mwaka, kwa hiyo kadi iliyojazwa miaka mitatu mfululizo ni ushahidi mzuri wa umiliki.

Mikrochipu ni kitu kidogo kama punje ya mchele, hudungwa chini ya ngozi kati ya mabega, ina namba ya tarakimu 15. Wengi wanadhani inaonyesha mbwa alipo. Haionyeshi. Inasomwa tu na kifaa maalumu kikipitishwa karibu na ngozi, na inafaa pale tu namba hiyo imeandikishwa kwa jina lako na simu unayoitumia. Kabla hujalipia, uliza kama daktari wako ana kifaa cha kusomea.

Banda liwe mbali na uzio, mahali mkono wa mpita njia haufiki. Mfundishe kutopokea chakula kwa mgeni: mtu asiyemjua ampe kipande cha nyama, wewe useme "acha", na akiacha mpe bora zaidi kwa mkono wako. Rudieni kwa wiki kadhaa, na watu tofauti. Dume asiye wa kuzalisha mhasi. Atapunguza kuzurura na hana soko kwa wanaotafuta mbegu. Watoto wa mbwa usiwatangaze mtandaoni kwa picha inayoonyesha geti lako.

Na ukimwokota mbwa mwenye kola au dalili za kulelewa, mpe maji, mfunge kivulini, umwarifu mwenyekiti wa mtaa siku hiyo hiyo. Ukitangaza, taja rangi na mtaa tu. Atakayekuja kusema ni wake, muulize kabla hujafungua mlango: masikio yake ndani yakoje?